Kamera ya Deni

Wako watu katika ufundi huu wa picha ambao, kila wanapoulizwa na kijana aanzie wapi, humtajia bei kwanza. Humwambia asijidanganye na kamera ya mtumba, kwamba mteja humpima mpiga picha kwa ukubwa wa chombo kilichoning'inia shingoni, na kwamba rahisi ni ghali. Mimi nasema ushauri huo ni dhuluma iliyovishwa joho la hekima. Kijana anaufuata, anakopa, na kabla hajajua mwanga unaingiaje ndani ya kamera, tayari anakimbilia kila harusi ili apate fedha ya marejesho. Huyo hajifunzi tena. Anatumikia deni.

Seydou Keïta wa Bamako, ambaye picha zake leo hutundikwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, alianza mwaka 1935 kwa Kodak Brownie aliyoletewa na jamaa yake. Brownie lilikuwa jina la vijikasha vya watu wa kawaida. Ya kwanza, mwaka 1900, iliuzwa dola 1 tu. Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Kati ya kile kijikasha na ile studio kuna miaka 13 ya kutazama, kukosea na kurudia. Miaka hiyo hakuna duka linaloiuza.

Najua nitakavyojibiwa: zama zimebadilika, sasa ni mambo ya megapikseli. Haya, tupige hesabu. Nikon D40 ya mwaka 2006 ina megapikseli 6 tu. Hizo zinatosha kuchapa picha safi ya sentimita 25 kwa 17, kubwa kuliko picha nyingi zilizomo katika albamu za nyumbani kwetu. Anayeanza anataka zaidi ya hapo za nini?

Basi, ushauri wangu ni huu. Kwa kuwa watengenezaji wakubwa wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, zile za kioo zimeshuka bei sana mitumbani. Nunua moja, ya daraja la wanaoanza. Fedha inayobaki nunua lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei ndogo kabisa. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake hufika 5.6 tu, hii ya 50 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Sebuleni jioni, penye balbu moja, tofauti hiyo ni ya kupata picha au kuikosa. Tena haivutiki: ukitaka uso uwe mkubwa, nyanyua miguu umsogelee mtu. Hilo peke yake ni somo.

Ila mtumba una macho yake. Imulike lenzi kwa tochi uone kama ina kuvu, maana unyevu wa pwani yetu hauna huruma. Uliza kamera imeshapiga picha ngapi, kwani kifyatuo huchakaa kama tairi. Ukiwa na simu tu, anza na simu. Itakufundisha kupanga picha na kungoja mwanga, ingawa haitakufundisha kuendesha tundu la lenzi.

Sisemi kamera za ghali hazina kazi. Anayepiga ndege arukaye au mpira usiku anazihitaji, na kazi yake itazilipia. Ninachokataa ni kumtoza mwanafunzi ada ya ubingwa kabla hajaingia darasani, maana wengi wanaotozwa hivyo huishia kuiuza kamera na kuuacha ufundi wenyewe. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema pete ndiyo hukifanya chanda kuwa chema.