GARI NYEPESI INATAKA TURBO YA NINI?

Wadau, nadhani wengi mmeiona ile klipu ya wikiendi. Staa mmoja wa hapa mjini (jina kapuni) anamcheka msanii mwenzie aliyejinunulia Mazda MX-5, eti mkoko mzuri ila hauna turbo. Komenti zikafurika, emoji za kucheka kibao. Mi naona aliyecheka ndo hajui gari.

Turbo ni hivi: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha kifeni, kifeni kinasukuma hewa nyingi iingie ndani, mafuta mengi zaidi yanaungua, nguvu inapanda. Ni akili kubwa, sibishi. Ila kifeni lazima kisubiri moshi ndo kichangamke. Unakanyaga, inajivuta kidogo, halafu ghafla gari inaruka. Njia ikiwa imenyooka, raha. Ila upo kwenye kona na gari ya tani moja, unataka mguu wako na tairi vielewane papo hapo.

Chukua Fiat 124 Spider ya 2016. Ile ni ndugu wa damu na MX-5, zilikuwa zinaundwa pamoja Hiroshima, Japani. Fiat wakaweka 1.4 yenye turbo, torki Nm 240. Mazda wakabaki na 2.0 bila turbo, Nm 200 tu. Kwenye karatasi Fiat kashinda. Lakini nguvu yake iko chini chini, ukipandisha mshale pumzi inakata. MX-5, hasa modeli ya 2019 kuja juu, inaruhusu mshale mpaka 7,500, na utamu wote uko huko juu. Unaivuta, injini inalia, unatupia gia nyingine. Hiyo ndo gari ya starehe sasa.

Hata Toyota GR86 ilipokuja 2021, watu walikuwa wanalilia turbo miaka yote. Toyota na Subaru wakakuza injini kutoka 2.0 hadi 2.4, turbo hakuna.

Sio kwamba nachukia turbo. Kwenye kilima na foleni inakurahisishia maisha, na Suzuki Swift Sport ya 2017 kwa Japani haifiki hata tani moja, ina 1.4 turbo, naikubali sana.

Kinachoniuma ni dogo aliyedunduliza hela miaka, kaiona ile klipu, sasa anaagiza turbo iliyochoka kutoka Japani ili naye asichekwe. Kifeni kile kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachokilinda ni oili. Aliyeitumia kabla yako akiwa mvivu wa kubadili oili, au wewe ukiuziwa oili feki mtaani, kwisha habari. Gari inaanza kutoa moshi wa bluu, fundi anataka hela, gari inapaki uani na dogo anarudi kwenye bodaboda. Staa kifeni chake kikifa hana presha. Kwanza yule tunayemsema, wanaojua wanajua ile ndinga ni ya nani 😂

Dada wa MX-5, kama unapita hapa, usiiguse injini yako. Na nyie mnaomwandikia aweke turbo, hebu niambieni, mara ya mwisho kubadili oili kwenye gari zenu ilikuwa lini?