MAJI YAPIMWE KABLA YA KUCHIMBA



Sisi wa reli twajua kwamba garimoshi haliondoki stesheni kabla njia haijahakikishwa kuwa wazi. Twataka wachimbaji wa mafuta na gesi nao waishike desturi hiyo.

Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa Turkana, katika kisima cha Ngamia 1. Hata bonde la Nyanza, ambako maji ya Soin hushukia kwa mto Nyando, liliwahi kutiwa katika eneo la kutafuta mafuta liitwalo 12B. Basi habari hii si ya mbali.

Iko namna ya kuchimba ambayo maji, mchanga na dawa husukumwa chini kwa nguvu nyingi mpaka mwamba upasuke. Kisima kimoja chaweza kutumia mamilioni ya lita. Saruji ya kisima ikiwa mbovu, dawa zikimwagika, au maji machafu yarudiyo juu yakitupwa ovyo, maji ya kunywa huharibika. Ufaransa iliikataza kazi hiyo mwaka 2011. Marekani haikuikataza, sheria yao ya 2005 iliiachia sehemu kubwa isishikwe na sheria ya maji ya kunywa. Mwaka 2016 idara yao ya mazingira ilisema kwamba kazi hiyo yaweza kudhuru maji, lakini haikuweza kueleza ni mara ngapi, kwa sababu mahali pengi maji hayakupimwa kabla.

Hapo ndipo penye fundisho. Asiyepima kwanza hana ushahidi. Kampuni itamwambia, "Maji yenu yalikuwa mabaya tangu zamani," naye atajibu nini?

Hapa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Sheria ya mazingira ya 1999 yataka madhara yachunguzwe kabla ya kazi kubwa kuanza. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Visima na chemchemi zipimwe kwanza, na majibu yasomwe barazani kwa lugha ya wenyeji. Majina ya dawa yatangazwe. Kampuni iweke fedha za dhamana kabla ya kuchimba.

Hatukatai kazi, maana mshahara twauhitaji. Lakini mshahara haununui mto mwingine. Baraza likiitwa, mchuma chai, mkulima na mtu wa reli waende pamoja, waulize kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu.