Mtoto Apimwe Macho Kabla ya Kuitwa Mzito
Mtoto asiyeona vizuri ubaoni mara nyingi halalamiki, kwa sababu anadhani wenzake nao wanaona vilevile. Anakunja uso, ananakili kwenye daftari la jirani, na mwalimu mwenye darasa lililofurika anamhesabu miongoni mwa wazito. Kwa hiyo kupima macho na kugawa miwani bure katika shule za umma za Ngara na Biharamulo ni haki ambayo wazazi wanapaswa kuidai. Kazi yenyewe haina makuu: chati ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku, umbali wa mita 6, jicho moja limezibwa kwa kiganja, na mtoto anaonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Hata wa darasa la kwanza, ambaye kusoma bado, anaiweza. Mwalimu aliyeelekezwa vizuri anaweza kuwachuja, kisha wanaoshindwa wakaonwa na mtaalamu. Ugumu unaanzia hapo, maana mzazi wa Rulenge au Nyakahura akiambiwa ampeleke mwanawe Bukoba, au hospitali ya Bugando kule Mwanza, nauli tu inamkatisha tamaa. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, lakini elimu bila ada inamfaa nini asiyeona kilichoandikwa? Tena mgawo wa mara moja hautoshi. Macho ya mtoto hubadilika, na miwani huvunjika. Halmashauri zote mbili zitenge fungu la miwani kila mwaka, na wataalamu wawafuate watoto shuleni.