Mbwa Ana Bima, Wewe Je?

Safari hii naandika juu ya mbwa. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Nimepanga chumba hapa Uingereza kwa mama mmoja mstaafu anayeishi na mbwa wake, Labrador. Mwaka jana, baridi ilipoanza, mbwa yule aliacha kula, akawa anatapika, anakunywa maji kupita kiasi, na weupe wa macho ukageuka manjano. Daktari wa wanyama akampima damu, akampiga ultrasaundi, mwisho akachukua kipande kidogo cha ini kikapimwe. Jibu: ini limejaa shaba. Kumbe Labrador ni miongoni mwa mbwa wenye tatizo hilo. Shaba ya kwenye chakula haitoki mwilini inavyotakiwa, inajikusanya mpaka inaliharibu ini. Tiba ipo, dawa ya kuitoa na chakula maalum, lakini ni ya miezi mingi na damu inapimwa kila mara.

Nilipoona bili nilikaa chini. Zaidi ya pauni 2,500, na dawa bado! NHS ni ya watu tu, mnyama analipiwa na mwenyewe.

Mama hakutetereka. Alikata bima mbwa akiwa mdogo, ile ya maisha yote, ambayo kiwango chake kinaanza upya kila mwaka mradi usiache kulipa. Akatoa sehemu yake ya mwanzo, na asilimia fulani kwa vile mbwa ni mzee, kampuni ikalipa iliyobaki. Jirani yetu naye ana mbwa mwenye ini bovu, ila yeye alikimbilia bima baada ya dalili. Kampuni ikaomba kumbukumbu za daktari, ikakuta ugonjwa umeshaandikwa, ikagoma. Ugonjwa uliotangulia bima haulipwi, basi.

Sasa hoja yangu. Tumezoea kusema Wazungu wanapenda mbwa kuliko watu. Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini miezi michache baadaye mwenzetu mmoja alifariki hapa. Wote mnakumbuka. Wiki tatu mwili uko mochwari, sisi tunapitisha bahasha na kupigiana simu usiku. Mama yake nyumbani anauliza kila siku, "Mwanangu anakuja lini?" Nilikuwa mmoja wa waliompokelea simu. Sikuwa na jibu.

Jamani, kila mmoja wetu analipa ada ya afya anapoomba viza, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi tangu 2024. Ile inakufungulia mlango wa NHS. Kusafirisha mwili hadi Dar, Mombasa au Bujumbura haimo. Nani kati yetu aliwahi kuuliza?

Najua wapo watakaosema kuzungumzia kifo ni uchuro, na kwamba mchango ndio utu wetu. Mchango ni utu kweli, sisemi tuuache. Nasema tuuchange kabla ya msiba. Tukitoa pauni 3 kila mwezi kwenye mfuko wa jumuiya, watu 60 tunapata pauni 2,160 kwa mwaka. Haitoshi kila kitu, ila mtu hataanzia sifuri akiwa analia. Mwenye uwezo akate pia bima ya mwanafunzi inayotaja kurudisha mwili nyumbani, na asome maandishi madogo: inalipa kiasi gani, inakwisha lini, ugonjwa gani haimo. Asiyetaka bima kwa sababu ya dini, mfuko wa kusaidiana unamtosha.

Naiomba kamati iliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano mkuu, lisiachwe kwenye "mengineyo" watu wakiwa wameshavaa makoti.

Yule mbwa anaendelea vizuri, jana kaniibia chapati. Mwenye mbwa alijiandaa miaka 9 kabla. Sisi tunangoja nini?

Naomba kutoa hoja.