MKONO NAO HUSEMA

Kila mfanyakazi wa bandari, Wesha na kwingineko, ajua ya kwamba kelele zikizidi mkono ndio husema: teremsha, simama, pandisha. Hakuna aitaye ishara hizo upungufu. Basi yawaje mtoto kiziwi wa Pemba aketishwe mbele ya mwalimu asiyejua lugha ya alama, kisha ihesabiwe kuwa amesomeshwa?

Tarehe 23 Septemba 1964 Zanzibar ilitangaza elimu bure kwa watoto wote. Mwaka 2006 ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Na mwaka 2009 Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao kifungu chake cha 24 chataka walimu wanaojua lugha ya alama. Ahadi hizo ni njema, lakini ahadi haishiki chaki.

Katika madarasa ya chini mtoto aweza kufuata picha na kunakili ubao. Afikapo madarasa ya kati, asilimia, sayansi na historia zahitaji maelezo, na maelezo yahitaji lugha. Hapo kunakili hakumfai tena.

Kwa hiyo twasema: walimu wa madarasa hayo wafunzwe lugha ya alama, na viziwi waliosoma waajiriwe kuwafunza. Wanachama, liulizeni jambo hili matawini mwenu: skuli yetu ina mwalimu wa namna hiyo? Kama hana, atapatikana lini? Elimu isiyofahamika, hata ikiwa bure, haijatolewa.