Unataka kazi kwenye kampuni ya matangazo? Uliza kwanza wazo linatoka wapi

Leo naomba tuongee ajira, tena ajira ya nyie mnaojua kuchora, kuandika na kutunga maneno. Najua mko wengi humu. Kila nikigusa mambo ya kazi za ubunifu, maoni yanamiminika na barua pepe zinajaa.

Kuna binti mmoja wa Kalenga, kilometa kama 15 hivi kutoka Iringa mjini. Anasoma chuo hapa hapa mjini, mwaka wa pili. Jina silitaji, mwenyewe hataki. Mtoto anachora kweli kweli, na akiandika sentensi moja ya tangazo unaikumbuka siku nzima. Anatafuta pa kwenda fildi, na nia yake akimaliza chuo abaki huko huko kama mwajiriwa. Ana daftari ameorodhesha kampuni za matangazo: jina, ofisi iko wapi, wateja wake ni akina nani, ni ya kimataifa au ya Wabongo wenyewe. Kazi nzuri sana, wengi wetu tulienda fildi kwa kubahatisha tu. Sasa swali lake kwangu lilikuwa moja: "Kaka, kati ya hizi ipi kubwa?"

Nimelifikiria hilo swali na naona halimsaidii. Hebu tuangalie kinachoendelea huko duniani, halafu turudi kwenye kuta za maduka yetu hapa Iringa.

MAJINA MAKUBWA YANAFUTWA

Kwenye daftari lake kulikuwa na JWT, maana aliikuta kwenye orodha ya zamani. Hiyo ni J. Walter Thompson, iliyoanza New York mwaka 1864. Jamani, jina hilo halipo tena. Mwaka 2018 wenye mali, kundi la WPP la Uingereza, waliiunganisha na kampuni nyingine ya Wunderman. Mwaka 2024 ule muungano nao ukaunganishwa tena, sasa inaitwa VML.

Haikuishia hapo. Novemba 2025 Omnicom ya Marekani ilikamilisha kuinunua Interpublic, nayo ya Marekani. Siku chache baadaye wakatangaza kwamba majina ya DDB, FCB na MullenLowe yanaondolewa, na ajira kama 4,000 zinakatwa. FCB ina mizizi ya tangu mwaka 1873. DDB ndiyo iliyofanya tangazo maarufu la gari dogo la Volkswagen kule Marekani mwaka 1959.

Kwa hiyo mtu aliyechagua mwajiri kwa ukubwa wa jina, huenda leo hana hata jina lenyewe la kuandika kwenye wasifu wake.

Na msidhani hayo ni ya Wazungu tu. Hapa kanda yetu kuna Scangroup ya Nairobi, iliyoanzishwa 1982 na kuingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2006. Ilikuwa na kampuni zake mpaka Tanzania. Mwaka 2013 WPP ikachukua zaidi ya nusu ya hisa. Maana yake maamuzi yakifanyika London, yanaweza kumfikia kijana aliyekaa kwenye kompyuta Dar es Salaam na hajui hata yalianzia wapi.

KUTA ZETU ZINASEMAJE

Sasa turudi nyumbani. Nyie mliokulia vijijini mnajua maduka yanavyopakwa rangi za makampuni. Ukuta mmoja ungeweza kuwa Celtel, mwaka 2008 ukapakwa Zain, mwaka 2010 ukapakwa Airtel. Wa jirani ulikuwa Tigo, mwisho wa 2024 kampuni ikabadili jina na kuwa Yas, mafundi rangi wakarudi tena kazini.

Jiulize, kwenye hayo mabadiliko yote, kijana wa Kibongo mwenye kipaji alifanya nini? Jina la Zain lilikuja na wenye mali wa Kuwait. Airtel ilikuja na wenye mali wa India. Nembo na rangi zilishaamuliwa huko makao makuu. Kazi iliyobaki kwetu ilikuwa kutafsiri maneno, kupanga ukubwa wa bango, kuchapa na kupaka. Ni kazi halali na inalipa kodi ya nyumba, sikatai. Ila wazo lilishafikiriwa na mtu mwingine.

Na hapo ndipo ninapotaka kumfikisha yule binti. Kuna kampuni ambayo wazo linazaliwa mle ndani, na kuna kampuni ambayo wazo linafika kwa barua pepe limeshaiva, wao wanalipunguza na kulitafsiri. Zote mlangoni zimeandika "kampuni ya matangazo". Zote zina kiyoyozi na vijana wenye miwani. Tofauti utaiona baada ya miaka mitatu, ukifungua faili lako ukute hakuna kitu ulichokianzisha mwenyewe.

Tena siku hizi kuna hii akili mnemba. Kupunguza picha, kubadili maneno ya bango liwe la ukubwa mwingine, kutafsiri haraka haraka, hizo ndizo kazi zinazoanza kuchukuliwa na kompyuta. Aliyeajiriwa kwa hizo peke yake, kiti chake kinatikisika.

WAZO LA JIRANI HALITEMBEI LENYEWE

Mtu atasema, si bora kuchukua tangazo lililofanya vizuri Nairobi na kulileta hapa? Ona M-Pesa. Kenya ilianza Machi 2007, na ujumbe wake ulikuwa rahisi: tuma pesa nyumbani. Kila mfanyakazi wa Nairobi mwenye mama kijijini alielewa pale pale. Tanzania ilianza Aprili 2008. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa imepata wateja takriban milioni 2.7, sisi takriban 280,000.

Msinielewe vibaya, sababu zilikuwa nyingi. Mawakala walikuwa wachache, nchi yetu ni pana, na Safaricom ilikuwa imeshika soko la Kenya kuliko Vodacom ilivyoshika la kwetu. Lakini ujumbe nao ulitajwa. Baadaye Tanzania ilishika kasi, leo hii hata muuza nyanya pale sokoni Iringa analipwa kwa simu. Ninachosema ni kwamba ilihitajika akili ya hapa hapa kujua Mtanzania anatuma pesa kwa nani, kwa sababu gani, na anaogopa nini.

Sasa nani anajua mtu wa Kalenga anaogopa nini akiambiwa aweke pesa kwenye simu? Anajua yule binti. Hiyo ndiyo mali aliyonayo, na wengi wa Dar hawana. Asiende kuiuza kwa bei ya kutafsiri mabango.

HELA YAO INATOKA WAPI

Ukitaka kumjua mwajiri, jua anakula wapi. Kwa miaka mingi desturi ya kazi hii duniani ilikuwa asilimia 15. Mteja akitoa shilingi milioni 10 za kutangaza redioni, kampuni ya matangazo inabaki na milioni 1.5, redio inapata milioni 8.5. Siku hizi wengi wanalipwa ada ya mwezi au kwa kila kazi, lakini kanuni ni ile ile: kampuni inaishi kwa wateja wachache wakubwa. Mteja mmoja wa simu au wa bia akihama, kuna vijana watarudishwa nyumbani.

Ndani yake kuna watu wa aina nne hivi. Kuna wanaoongea na mteja. Kuna wanaopanga na kununua nafasi kwenye redio, televisheni na mitandao. Kuna wabunifu, yaani anayeandika na anayechora. Halafu kuna wanaotengeneza, wapiga picha na wachapaji. Zamani mwandishi alimaliza maneno yake, akayatuma chumba cha pili kwa mchoraji. Ile DDB ndiyo iliyojulikana kwa kuwakaa watu hawa wawili pamoja wafikirie tangazo kwa pamoja. Jina lao linaondoka, ila hiyo namna ya kazi imeenea dunia nzima. Kwa hiyo ukifika ofisini kwa watu, angalia mchoraji na mwandishi wamekaa wapi. Kama mchoraji yuko kona ya nyuma anasubiri aambiwe "ongeza nembo", umeshapata jibu.

MASWALI YA KUULIZA KABLA HUJAPANDA BASI

Nauli ya Dar, chumba cha kupanga, chakula cha miezi miwili. Kwa familia nyingi za huku hiyo ni magunia ya mahindi yameuzwa, au bumu lote limekwisha. Usitumie hela hiyo kwa kubahatisha. Uliza haya:

1. Nionyesheni tangazo moja mlilolianzisha wenyewe hapa, tangu wazo la kwanza. Nani alilifikiria? Bado yupo?

2. Mna wateja wangapi, na yule mkubwa akiondoka nini kinatokea?

3. Wa fildi wa mwaka jana wako wapi? Kuna aliyeajiriwa hata mmoja? Waombe namba zao, uwapigie.

4. Nitakachochora au kuandika nikiwa fildi ni mali ya nani? Tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na wewe ni mtunzi kama watunzi wengine. Pata jibu kwa maandishi.

5. Mkiniajiri, mkataba uko wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya msingi: kazi yako ni ipi, unaanza lini, saa za kazi, mshahara. "Tutaongea baadaye" haimo kwenye hiyo sheria.

6. Kampuni yenyewe imesajiliwa? Hilo unaweza kuulizia BRELA.

Hilo la nne nina sababu ya kulisisitiza. Kijana mmoja ninayemfahamu alifanya fildi kwenye kampuni moja Dar, sitaitaja. Aliondoka na barua ya shukrani. Miezi michache baadaye akakuta maneno yake kwenye bango barabarani. Hakulipwa hata nauli, na hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyeyaandika. Angekuwa amejitumia tu barua pepe yenye tarehe, leo angekuwa na pa kuanzia.

KWA UPANDE MWINGINE

Najua wapo watakaoniambia, kaka unaongea kama mtu aliyeshiba, kijana anahitaji kazi, achague nini? Ni hoja ya kweli. Hata kampuni inayotafsiri mabango inakufundisha nidhamu ya muda, rangi zinavyobadilika zikichapwa, namna ya kuongea na mteja mkorofi. Mwaka mmoja huko si hasara. Ila ingia ukijua uko darasani, na jioni endelea na kazi zako mwenyewe.

Tena Dar siyo njia pekee. Iringa hii hii ina majina yanayouzwa nchi nzima: Dabaga na tomato yake, Ivori na pipi zake, ASAS na maziwa yake. Mbeya kuna viwanda, Songwe kuna kahawa ya Mbozi. Redio za mikoani, mfano Ebony FM ya hapa Iringa, zinahitaji matangazo kila siku. Sisemi hawa wote wanatafuta mtu leo. Nasema kijana anaweza kugonga milango yao kwa nauli ya daladala tu, akiwa na wazo mkononi.

Na faili la kazi zako halihitaji mteja wa kweli. Pale Kalenga kuna makumbusho ya Mtwa Mkwawa, na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Watalii wangapi wanaelekea Hifadhi ya Ruaha na hawakati kona kuingia pale? Hilo ni tatizo la matangazo, liko mlangoni kwa yule binti. Achore bango, aandike tangazo la redio la sekunde 30, apange kipeperushi cha kuweka kwenye hoteli za mjini. Mwajiri mwenye akili akiona kazi hiyo ataona mtu anayeweza kulianza jambo. Asiyeona, huyo hakufai.

Mwisho wa yote, kwenye daftari nimemshauri afute safu ya "kubwa au ndogo" na aandike "wazo linatoka wapi". Kati ya majina aliyokuwa nayo, hadi sasa ni mawili tu ambayo ameweza kuyajazia hiyo safu. Mengine anaendelea kuyapigia simu, na vocha zinamwishia.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mliofanya kazi kwenye kampuni za matangazo, Dar, Arusha, Nairobi, hebu tuambieni: mlikuwa mnafikiri au mlikuwa mnatafsiri? Mlilipwa fildi? Msitaje watu majina, semeni mambo. Kuna mdogo wenu anasoma hapa na anatakiwa kuamua kabla muhula haujaisha.

Nawasilisha.