Thamani ya mahindi: jedwali la dola halisemi bei ya mpakani

NAKAWA, Kampala – Lori la mahindi linalotoka Kampala kwenda Busia au Malaba hupita hapa Nakawa, barabara ya Jinja, karibu na makao makuu ya Mamlaka ya Mapato Uganda (URA). Upande huu mzigo huhesabiwa kwa kilo. Ukivuka kuingia Kenya, mnunuzi anataja bei ya gunia la kilo 90. Tanzania, gunia ni kilo 100. Anayelinganisha bila kurudisha hesabu kwenye kilo amekosea kabla ya kufika mizani.

Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) hutoa thamani ya nafaka ya kila nchi kwa njia mbili. Ya kwanza huzidisha mavuno kwa bei ya shambani ya nchi husika. Ya pili hutumia dola ya kimataifa, ambapo tani moja ya mahindi ina bei ileile iwe imevunwa Masindi, Kitale au Mbeya. Njia hii ya pili inafaa kupima nani kalima zaidi. Kwa mfanyabiashara haina kazi, kwa sababu imefuta tofauti ya bei, na tofauti hiyo ndiyo mkate wake. Tena zote mbili huhesabu hata mahindi yaliyoliwa nyumbani kwa mkulima, ambayo hayatapanda lori kamwe.

Chukua Kenya. Takwimu za serikali zinaonyesha mavuno yalipanda kutoka magunia milioni 34.3 mwaka 2022 hadi milioni 47.6 mwaka 2023, yaani kutoka tani milioni 3.1 hivi hadi milioni 4.3. Kwa dola ya kimataifa, thamani inapanda sambamba na tani. Lakini sokoni bei ilishuka, na aliyekuwa ameweka akiba ghalani Uganda akingojea mnunuzi wa Kenya aliona faida ikiyeyuka.

Kisha kuna sarafu. Januari 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160 za Kenya. Aprili ilikuwa imeshuka hadi kama 130. Kwa shilingi ya Uganda, shilingi moja ya Kenya ilitoka karibu 24 ikafika karibu 29. Tuseme gunia ni shilingi 4,000 za Kenya miezi yote hiyo: muuzaji wa Uganda angepata 96,000 Januari na 116,000 Aprili. Kwa lori la tani 27, magunia 300, hiyo ni tofauti ya shilingi milioni 6 za Uganda, na hakuna aliyeongeza hata punje.

Jambo la mwisho halimo katika jedwali lolote: ubora. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku tano baadaye ilifungua tena, kwa masharti ya waagizaji kusajiliwa, cheti cha asili ya mzigo na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango cha Afrika Mashariki pia kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Msimu wa kwanza wa Uganda huvunwa Juni na Julai, wakati Bonde la Ufa bado halijavuna na bei Kenya huwa nzuri. Haraka ya kuwahi bei hiyo ndiyo hupakiza mahindi mabichi. Lori likikataliwa mpakani, gharama ya kulirudisha humwangukia mwenye mzigo, kwa hiyo pima unyevu kabla ya kupakia.